Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujiongezea uwezo kwenye hifadhidata ya terminali

Natunza seva hapa Nairobi, na maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine hunijia kwa simu usiku, mengine huletwa na vijana wanaokuja kujifunza kazi wakiwa na kompyuta za ex-UK walizonunua Luthuli Avenue. Wengi wao hudhani kwamba rangi zikipotea au kitufe kikikataa kazi, kompyuta ndiyo mbovu. Mara nyingi kompyuta ni nzima, ila imeelezwa vibaya, na maelezo hayo unaweza kuyaandika wewe mwenyewe.

Hifadhidata ya terminali ni kitu gani?

Terminali ni dirisha la kuandikia amri. Ukifungua humo programu kama vim, htop au less, programu hiyo haijui imefunguliwa kwenye dirisha la aina gani. Inachopata ni jina moja tu, lililo kwenye kigezo cha TERM, kwa mfano `xterm-256color`. Kwa jina hilo inatafuta faili dogo lenye maelezo: terminali ina rangi ngapi, kielekezi kinahamishwaje, kishale cha juu kikibonyezwa kinatuma herufi gani. Kila jambo huitwa uwezo na lina jina fupi. `cup` ni kupeleka kielekezi mahali fulani, `setaf` ni kupaka maandishi rangi, `kcuu1` ni kishale cha juu. Uwezo uko wa aina tatu: ule wa ndiyo au hapana, ule wa namba, na ule wa mfuatano wa herufi.

Utaratibu huu ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy alipokuwa akitengeneza vi, programu ya kuhariri maandishi. Kila kampuni wakati huo iliuza terminali (enzi hizo kifaa chenye skrini na kibodi) yenye lugha yake, naye akaweka tofauti zote katika faili moja liitwalo termcap, ambamo kila uwezo ulikuwa na jina la herufi mbili. Mark Horton akaja na terminfo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Majina yakarefuka kidogo, na maelezo yakawa yanageuzwa kuwa umbo la kimashine kabla ya kutumika. Leo kwenye Linux karibu kila mtu anatumia terminfo kupitia ncurses, maktaba ambayo Thomas Dickey ameitunza kwa miaka mingi.

Kama yote yameshaandikwa, kwa nini niongeze ya kwangu?

Kwa sababu orodha rasmi ya uwezo ilifungwa zamani, enzi za toleo la Unix liitwalo System V. Haijui mstari wa mawimbi chini ya neno lililokosewa, haijui Ctrl pamoja na kishale, haijui rangi milioni 16. Hayo yote yalizuka baadaye.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1999 na ncurses 5.0, iliporuhusu mtumiaji kutunga uwezo wake mwenyewe na kuupa jina lake. Maktaba haihitaji kuujua uwezo huo kabla. Inauhifadhi kwenye sehemu ya nyongeza mwishoni mwa faili, pamoja na jina lake, na programu yoyote inayolijua jina hilo inaweza kuuomba.

Nimeingia kwenye seva kwa SSH, nikaambiwa "Error opening terminal: xterm-kitty." Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hubeba jina la terminali yako hadi upande wa pili, lakini haibebi maelezo yake. Seva imesikia jina, imetafuta faili, haikulipata. Ni kama kumwagiza mtu akupokee mgeni stendi ukampa jina bila sura.

Programu nyingine husema "unknown terminal type", na less hulalamika kwamba terminali haijakamilika. Ugonjwa ni mmoja. Dawa iko kwenye swali la kupeleka ingizo, yaani maelezo ya terminali moja, kwenye seva, hapo chini.

Si ni rahisi kuandika `export TERM=xterm` kwenye .bashrc (faili ambalo shell, programu inayopokea amri zako, hulisoma inapofunguka), yaishe?

Hapa nina msimamo: usifanye hivyo. Nimeipoteza Jumamosi nzima kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Tuliitwa na mteja mmoja Westlands. Wafanyakazi wake walisema maandishi ya mlalo yanatokea yamepigwa rangi ya kinyume, nyeusi juu ya nyeupe, na kwamba menyu za programu zimejaa herufi `q` na `x` mahali pa mistari ya fremu. Tulibadilisha fonti, tukabadilisha lugha ya mfumo, tukasasisha programu. Jioni ndipo mwenzangu alipofungua .bashrc ya pamoja akakuta TERM imelazimishwa kwa kila mtu, hata kwa waliokuwa ndani ya screen, programu inayoendesha terminali nyingine ndani ya dirisha lako. Ndani ya screen, herufi ambazo xterm (programu ya terminali ya kawaida) huzisoma kuwa "andika kwa mlalo" husomwa kuwa "pindua rangi". Programu ilidanganywa kuhusu mahali ilipo, ikatii uongo huo kwa uaminifu wote.

TERM ni tamko. Unapoiandika kwa nguvu kwenye .bashrc unatangaza jambo ambalo shell haina njia ya kulijua. Anayejua ni dirisha lenyewe, kwa hiyo jina liwekwe kwenye mipangilio ya programu ya terminali. Kwenye .bashrc weka kinga tu, ya siku ambayo maelezo hayapo:

```
infocmp "$TERM" >/dev/null 2>&1 || export TERM=xterm-256color
```

Mstari huu hauligusi jina sahihi. Unaingilia pale tu ambapo mfumo haulijui.

Sawa. Ingizo langu mwenyewe naliandikaje?

Anza kwa kupima. Usitangaze uwezo ambao dirisha lako halina. Kwa mstari wa mawimbi, andika hivi:

```
printf '\033[4:3mneno\033[0m\n'
```

Ukiona mawimbi chini ya neno, endelea. Kwa vitufe, andika `cat -v`, bonyeza Enter, kisha bonyeza Ctrl pamoja na kishale cha juu. Ukiona `^[[1;5A`, hizo ndizo herufi zinazotumwa (`^[` ni Esc, na kwenye terminfo huandikwa `\E`).

Sasa fungua faili jipya, tuseme `yangu.ti`:

```
nairobi-256color|terminali yangu yenye mawimbi na vishale vya Ctrl,
	Tc,
	Smulx=\E[4:%p1%dm,
	kUP5=\E[1;5A, kDN5=\E[1;5B,
	kRIT5=\E[1;5C, kLFT5=\E[1;5D,
	use=xterm-256color,
```

Mstari wa kwanza uanze ukingoni kabisa, na mingine yote ianze kwa nafasi au tabo. Hilo likikosewa, faili halisomeki. Baada ya alama ya `|` ni maelezo ya binadamu, andika Kiswahili upendavyo, ila usitie koma, kwani koma ndiyo inayotenganisha uwezo mmoja na mwingine. Ukihitaji koma ndani ya mfuatano wa herufi, itangulize kwa `\`. Sehemu ya `%p1%d` maana yake ni "chukua namba ya kwanza utakayopewa, uiandike hapa", ndiyo maana Smulx moja inaweza kuleta mstari mmoja, miwili au mawimbi.

Mstari wa mwisho ndio unaokupunguzia kazi: `use=` inarithi yote ya xterm-256color. Ulichokiandika juu yake kinashinda kilichorithiwa. Usichokitaka unakifuta kwa `@`, kwa mfano `rep@`.

Kisha:

```
tic -x yangu.ti
infocmp -x nairobi-256color
```

Amri ya kwanza inaligeuza faili kuwa umbo la kimashine na kulihifadhi, ya pili inakusomea kilichohifadhiwa. Tafuta Smulx na kUP5 kwenye jibu. Zikiwapo, weka jina `nairobi-256color` kwenye mipangilio ya terminali yako, ufungue dirisha jipya.

Nakuomba usiliite `xterm-256color`. Ukifunika jina la kila mtu kwa maelezo yako, siku utakapofungua dirisha lingine lisilo na mawimbi, utakuwa umerudi kwenye uongo ule ule wa Westlands.

Hiyo `-x` ni ya lazima?

Ni ya lazima, na mara zote mbili. Bila `-x`, `tic` ikikutana na jina isilolijua hulalamika na kulitupa. Bila `-x`, `infocmp` huonyesha uwezo wa kawaida peke yake. Watu wengi hukosea kwenye hii ya pili: wanatoa ingizo kwa `infocmp` tupu, wanalipeleka kwenye seva, kisha wanashangaa nyongeza zao zimeenda wapi. Zimebaki nyumbani.

Naweza kuchagua jina lolote la uwezo?

Unaweza, lakini jina lisilojulikana na programu yoyote halikusaidii. Haya yamekwisha kukubalika: `Smulx` kwa mitindo ya mstari wa chini, `Setulc` kwa rangi ya mstari huo, `E3` kwa kufuta historia ya dirisha (amri ya `clear` huitumia ikiikuta), `AX` kwa terminali inayoweza kurudisha rangi ya msingi ya maandishi na ya nyuma, `XM` kwa kipanya.

Herufi ya kwanza ina uzito. Uwezo wa mfuatano wa herufi wenye jina linaloanza kwa `k` huchukuliwa na ncurses kuwa kitufe, na hupewa namba yake ya kitufe programu inapoanza. Kwa hiyo usiliite `kahawa` jambo lisilo kitufe.

Namba inayofuata jina la kitufe nayo ina maana: 3 ni Alt, 4 ni Shift na Alt, 5 ni Ctrl, 6 ni Shift na Ctrl, 7 ni Alt na Ctrl, 8 ni zote tatu. Hivyo `kUP5` ni Ctrl na kishale cha juu, `kDC3` ni Alt na Delete. Shift peke yake ni 2, lakini kwa vitufe vingi haiandikwi, kwa kuwa jina la herufi kubwa tayari ni la Shift: `kLFT` ni Shift na kishale cha kushoto.

Tena, jina lililokwisha kuwa na aina usiligeuze aina. `cup` ni mfuatano wa herufi. Ukiandika `cup#5`, `tic` itakukatalia, na iko sahihi.

Kwa rangi milioni 16, niweke `RGB` au `Tc`?

Hili huulizwa karibu kila wiki, na majibu mengi yanayozunguka mitandaoni hayatenganishi vitu hivi viwili.

`Tc` ilitungwa na tmux, programu ya jamii moja na screen. Ni ya ndiyo au hapana, na inamaanisha tu kwamba terminali inaelewa rangi zilizoandikwa kwa nyekundu, kijani na buluu. Maktaba ya ncurses haina habari nayo. Ukiiweka kwenye ingizo la rangi 256 haivunji kitu.

`RGB` ni ya ncurses yenyewe, na ncurses huifanyia kazi. Inasema kwamba namba ya rangi si nafasi kwenye orodha bali ndiyo rangi yenyewe, iliyogawanywa katika biti za nyekundu, kijani na buluu. Sasa tazama kinachotokea ukiitia `RGB` kwenye ingizo lenye `colors#256`. Rangi 256 ni biti 8. Kanuni ya ncurses ni kuchukua hizo 8, kuongeza 2, kugawanya kwa 3, kisha kugawa kuanzia nyekundu: nyekundu inapata biti 3, kijani 3, buluu inabakiwa na 2. Programu iliyoomba rangi namba 4 ikitegemea buluu ya kawaida sasa imo kwenye hesabu nyingine kabisa. Nimeona watu wakibadilisha mada za rangi mara tano wakidhani mada ndiyo mbaya.

`RGB` ina mahali pake halali: maingizo kama `xterm-direct`, ambayo hutangaza rangi 16,777,216 pamoja nayo. Humo biti ni 24 na mgawanyo unatoka sawasawa, 8 kwa kila rangi. Unaweza pia kuiandika kwa namba, au kwa maneno kama `RGB=8/8/8`.

Basi ukiwa na ingizo la rangi 256 na unataka tmux itambue rangi kamili, weka `Tc`.

`tic` imeweka faili wapi?

Ukiwa mtumiaji wa kawaida, ndani ya `~/.terminfo`, kwenye folda yenye herufi ya kwanza ya jina: `~/.terminfo/n/nairobi-256color`. Kwenye Mac folda hiyo hupewa namba ya herufi badala ya herufi, yaani `6e` kwa `n`. Usishtuke.

Ukitafuta, mpangilio ni huu: kigezo cha TERMINFO kwanza, kisha `~/.terminfo`, kisha folda zilizotajwa kwenye TERMINFO_DIRS, mwishoni zile za mfumo. Kwenye Debian na Ubuntu za mfumo ni `/etc/terminfo`, `/lib/terminfo` na `/usr/share/terminfo`. Amri ya `infocmp -D` itakutajia zako, na `toe -a` itakuorodheshea maingizo yote yaliyopo.

Na kabla ya kuhangaika na ingizo jipya kwenye seva ya Debian, sakinisha kifurushi cha `ncurses-term`. Usakinishaji wa kawaida huja na maingizo machache tu, na huenda unalolitafuta limo humo.

Nikitumia sudo, ingizo langu halionekani. Kwa nini?

Kwanza, root (mtumiaji mkuu, ambaye sudo hukupa mamlaka yake) ana nyumba yake, na `~/.terminfo` yake si yako. Pili, kuna sababu ya usalama. Mwaka 2023 ilitangazwa hitilafu iliyopewa namba CVE-2023-29491: faili la terminfo lililoharibiwa makusudi, likiwekwa kwenye folda ya nyumbani au kuelekezwa kwa TERMINFO, lingeweza kuvuruga kumbukumbu ya programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya juu kuliko ya mtumiaji. Tangu hapo mifumo mingi hujenga ncurses isiyosoma faili za mtumiaji katika hali hiyo.

Usijaribu kuizunguka kinga hiyo. Kama mashine ni yako, fanya `sudo tic -x yangu.ti`, ingizo liingie kwenye folda ya mfumo ambako kila mtu ataliona.

Nina seva kumi na mbili na natumia bando la simu. Nalipelekaje kote?

Kwa kila seva, mstari mmoja:

```
infocmp -x nairobi-256color | ssh jina-la-seva tic -x -
```

`infocmp` hukupa maelezo yaliyokwisha kukunjuliwa, yakiwa na vyote vilivyorithiwa kwa `use=`, hivyo seva haihitaji kuwa na ingizo la mzazi. Kinachosafiri ni kilobaiti chache, bando lako halitahisi. `tic` ya zamani ikiikataa `-` ya mwisho, andika `/dev/stdin` mahali pake.

Seva zikiwa nyingi zaidi, au zikiwa zinajengwa upya mara kwa mara, hifadhi faili la `yangu.ti` pamoja na mipangilio yako mingine na uliendeshe kwenye hatua za kuandaa mashine. Lihifadhi likiwa maandishi, usihifadhi lile la kimashine. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Nimenakili faili lililogeuzwa kwenda seva ya zamani, seva inasema haijui terminali hiyo. Faili si lipo?

Lipo, ila limeandikwa kwa umbo jipya. Umbo la awali lilihifadhi kila namba kwa biti 16, kwa hiyo kikomo kilikuwa 32767. Mwaka 2018 ncurses 6.1 ilileta umbo la biti 32 kwa ajili ya namba kubwa. `tic` hutumia umbo jipya pale tu ingizo lina namba inayovuka kikomo hicho, na siku hizi xterm-256color inayo: jozi zake za rangi (rangi ya maandishi pamoja na ya nyuma) ni 65536. Ukiirithi, unairithi na hiyo.

Kagua baiti mbili za kwanza:

```
od -An -tx1 -N2 ~/.terminfo/n/nairobi-256color
```

Ukiona `1a 01` ni umbo la awali. Ukiona `1e 02` ni jipya, na maktaba iliyotangulia 6.1 haitalisoma. Ongeza `pairs#32767,` juu ya mstari wa `use=`, uliendeshe tena kwa `tic -x`, na faili litarudi kwenye umbo ambalo seva ya zamani inalielewa. Jozi ulizozipoteza hutazikumbuka.

Ndani ya tmux niweke jina gani?

Usiweke `nairobi-256color`. Ukiwa ndani ya tmux kuna terminali mbili. Ya nje ni dirisha lako, na tmux ndiyo inayosoma ingizo lako kuijua. Ya ndani ni tmux yenyewe, na programu zilizomo zinapaswa kuambiwa hivyo: `tmux-256color`, au jina la jamii ya `screen`.

Kama huna ruhusa ya kugusa hifadhidata, unaweza kuongeza uwezo kwenye `.tmux.conf`:

```
set -as terminal-overrides ',xterm-256color:Smulx=\E[4::%p1%dm'
```

Nuktambili imeandikwa mara mbili kwa kuwa tmux hutumia nuktambili kutenganisha vitu. Tangu tmux 3.2 kuna pia `terminal-features`, iliyo rahisi zaidi kwa mambo ya kawaida kama rangi kamili. Nyongeza hizi huonwa na tmux peke yake. Ukitoka nje ya tmux hazipo.

Nimefanya yote, `infocmp -x` inaonyesha uwezo upo, lakini programu haiutumii.

Huenda programu hiyo haisomi hifadhidata kabisa. Nyingi za kisasa zimeandika mifuatano ya xterm ndani yake moja kwa moja, na kuhusu rangi huangalia tu kama COLORTERM imeandikwa `truecolor`. Vim husoma terminfo lakini ina mipangilio yake yenye majina yanayoanza kwa `t_`, ambayo unaweza kuiandika kwa mkono. Soma mwongozo wa programu husika kabla ya kulilaumu ingizo lako. Hakikisha pia kwamba umefungua dirisha jipya na kwamba `echo $TERM` inatoa jina ulilotarajia. Ni jambo dogo, lakini nusu ya wanaonipigia simu huishia hapo.

Nikitaka kuliondoa?

Rudisha jina la zamani kwenye mipangilio ya terminali kwanza, ndipo ufute:

```
rm ~/.terminfo/n/nairobi-256color
```

Ukifuta kabla ya kurudisha jina, dirisha litakalofuata litafunguka bila maelezo. Likikutokea hilo, andika `TERM=xterm-256color` mbele ya amri unayotaka kuiendesha, mara hiyo moja tu, ukarekebishe mipangilio.